Jinsi ya kuunda mashine ya kuoshea vyombo ya kuzungusha kwa mkono, kwa kufuata usanifu wa Josephine Cochrane

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutaunda mfano unaofanya kazi wa mashine ya kuoshea vyombo inayozungushwa kwa mkono, tukifuata kanuni zilizomo katika hataza (hati ya kisheria inayolinda haki ya mvumbuzi) namba 355,139 ambayo Josephine Cochrane, mkazi wa Shelbyville katika jimbo la Illinois nchini Marekani, alipewa tarehe 28 Desemba 1886. Hatutanakili kila kipande cha mashine yake, kwani yeye alitumia boila la shaba na sisi tutatumia nusu ya pipa la plastiki. Tutakachokifuata kwa uaminifu ni mpangilio wenyewe: kila chombo kina kizimba chake cha waya kilichotengenezwa kwa kipimo chake, vizimba vimefungwa kwenye gurudumu lililolala ndani ya pipa, na maji ya moto yanarushwa kwa nguvu kutoka chini wakati gurudumu linazunguka.

Kabla hatujakata chochote, naomba tuelewe kwa nini mpangilio huu ulishinda. Mwaka 1850 Joel Houghton alipata hataza ya mashine ya mbao yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono, ambalo lilirushia vyombo maji. Mwaka 1865 L. A. Alexander akaleta mashine yenye gia, ambapo mtu alizungusha vyombo vilivyopangwa kwenye fremu ndani ya beseni la maji. Mashine zote mbili zilisumbuliwa na jambo moja: chombo kililowa, lakini maji hayakukigonga kwa nguvu ya kutosha kuondoa mafuta yaliyoganda. Cochrane, ambaye vyombo vyake vya kaure vilikuwa vikimegeka ukingoni vinapooshwa na wafanyakazi wa nyumbani kwake, alihitaji mashine ambayo ingekishika chombo kikatulia kisha ikayaachia maji kazi yote ya kusugua. Mumewe alipofariki mwaka 1883 na kumwachia madeni, kazi hiyo haikuwa tena ya kuokoa sahani tu. Aliiendeleza katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba yake, akisaidiwa na fundi mitambo aliyeitwa George Butters.

Sasa tutazame vifaa vilivyo mezani. Tunahitaji pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa katikati, na hapa nasisitiza kwamba liwe pipa lililobeba mafuta ya kupikia au chakula kingine, kamwe lisiwe la dawa wala kemikali, kwa sababu plastiki hunyonya kilichokaa ndani yake na maji ya moto hukitoa upya. Tunahitaji pia vyuma vya duara vya milimita 6, waya wa mabati wa milimita 3, bomba la chuma la nusu inchi kwa ajili ya mhimili, viwiko viwili vya bomba hilo, bolti ndefu ya milimita 12 pamoja na nati zake, kipande cha bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, mpira wa maji unaostahimili joto, koki, na pampu ya mkono ya kuzungusha kama ile inayotumika kunyonya dizeli kwenye mapipa. Pampu hiyo nayo iwe mpya kabisa, haijawahi kugusa mafuta.

Hatua ya kwanza ni kupima vyombo. Watu wengi huanza na pipa, lakini Cochrane alianza na sahani, vikombe na visosa vyake, akavipima kimoja kimoja, na vipimo hivyo ndivyo vilivyoamua ukubwa wa kila kitu kingine. Sisi tutatumia sahani nane zenye kipenyo cha sentimita 20. Chukueni rula, pimeni kipenyo cha sahani, kina chake, na unene wa ukingo wake, kisha andikeni namba hizo ubaoni mahali ambapo mtaziona muda wote wa kazi.

Tukishapima, tunaunda gurudumu. Nusu ya pipa letu ina upana wa ndani wa sentimita 57 hivi, kwa hiyo gurudumu litakuwa na kipenyo cha sentimita 50 ili libaki na nafasi ya zaidi ya sentimita 3 kila upande na lisikwaruze ukuta. Kateni chuma chenye urefu wa sentimita 160, kikunjeni kiwe duara, na mpishanishe ncha zake kwa sentimita 3 kabla ya kuzichomelea. Tengenezeni duara la pili, dogo, lenye kipenyo cha sentimita 10, kisha unganisheni maduara hayo mawili kwa vyuma vinane vilivyonyooka vinavyotoka katikati kwenda nje. Duara dogo linaunganishwa na mhimili kwa vipande vinne vifupi vya chuma.

Hapa ndipo tunapofika kwenye vizimba, na nawaomba msiwe na haraka, kwa sababu kwa maoni yangu vizimba ndivyo uvumbuzi wenyewe. Pampu na gurudumu vilikuwepo duniani kabla ya Cochrane. Kila sahani itasimama kwa ukingo wake juu ya mojawapo ya vile vyuma vinane, ikielekea katikati ya gurudumu. Kunjeni waya wa milimita 3 kwa koleo ili upate pembe mbili zilizosimama, moja kila upande wa sahani, zikiwa na mwanya unaozidi unene wa ukingo kwa milimita 2 tu. Mwanya ukiwa mpana zaidi, sahani itatikisika na kugonga waya kila gurudumu linapoanza au kusimama, nayo itamegeka, jambo ambalo mashine hii ilibuniwa kulizuia. Ukiwa mwembamba zaidi, waya utaziba sehemu ya sahani na maji hayatafika hapo.

Tazameni kwa karibu kizimba hiki nilichokwisha kukikunja. Waya unaigusa sahani mahali patatu: chini, ukingoni upande wa nje, na ukingoni upande wa ndani. Hakuna mahali ambapo waya unalala juu ya uso wa sahani, kwa kuwa kila sehemu iliyofunikwa ni kivuli ambacho maji hayakifikii. Ncha za waya nimezikunja kwa ndani na kuzilainisha kwa tupa, maana ncha kali hukwaruza kaure na hukata vidole vya anayepakia vyombo. Fungeni vizimba vyote vinane kwenye gurudumu kwa waya mwembamba, bila kuvichomelea kwanza, ili mweze kuvisogeza baada ya jaribio.

Hatua inayofuata ni mhimili. Toboeni tundu katikati ya kitako cha pipa, pitisheni bolti ikiwa imesimama kuelekea juu, na kazeni kwa nati na vibati vya mpira kila upande ili maji yasivuje. Bomba la nusu inchi linavaa juu ya bolti hiyo na kukalia nati iliyofungwa juu zaidi kwenye bolti, nalo ndilo litakalozunguka. Fungeni gurudumu kwenye bomba likiwa sentimita 12 juu ya kitako cha pipa. Juu ya pipa lazeni ubao imara wenye tundu ambamo bomba linapita, kisha kazeni kiwiko kwenye kichwa cha bomba, bomba fupi la sentimita 20 likilala upande, kiwiko cha pili, na kipande cha kushikia kilichosimama. Zungusheni mkono huo kwa kufuata mwendo wa mikono ya saa, kwa sababu nyuzi za viwiko hukazika kwa mwendo huo; mkizungusha kinyume, kiwiko cha juu kitalegea polepole na hatimaye kitachomoka. Kipande cha kushikia kivalisheni mrija unaoteleza, ili kiganja kisichubuke.

Tunakuja kwenye maji. Kwa kuwa gurudumu linapitisha kila sahani mahali pamoja, hatuhitaji kurusha maji katika pipa zima. Bomba moja linalotoka ukutani mwa pipa kuelekea katikati linatosha. Chukueni bomba la milimita 25, zibeni ncha yake moja, na toboeni matundu 20 ya milimita 3 katika safu mbili, matundu 10 kila safu, yakiachana kwa sentimita 2. Safu moja ielekee kushoto kidogo na nyingine kulia kidogo, ili uso wa sahani na mgongo wake vyote vipate maji.

Idadi hiyo ya matundu haikuchaguliwa kiholela. Mdomo wa bomba letu una eneo la sentimita za mraba 4.9, ilhali matundu yote 20 kwa pamoja yana eneo la sentimita za mraba 1.4. Maji yaleyale yanayopita bombani yanalazimika kutoka kwenye nafasi iliyo ndogo zaidi ya mara tatu, kwa hiyo yanatoka yakiwa na kasi iliyozidi mara tatu. Mkitoboa matundu 80 mkidhani kwamba mengi ni bora, maji yatachuruzika tu, nanyi mtakuwa mmeirudia mashine ya mwaka 1850. Lifungeni bomba hili sentimita 8 juu ya kitako, matundu yakitazama juu, liunganisheni na upande wa kutolea wa pampu, na upande wa kunyonyea uunganisheni na koki iliyo chini ya pipa. Ndani ya pipa, mbele ya koki, wekeni chujio la wavu laini, kwa sababu punje moja ya wali inatosha kuziba tundu la milimita 3.

Sasa tupakie sahani. Kwanguni mabaki makubwa ya chakula, simamisheni sahani vizimbani, na mimineni lita 15 za maji yenye joto la nyuzi 55 hadi 60 za selsiasi, ambayo yatapanda kufikia kimo cha sentimita 6 hivi, chini ya bomba la matundu. Wekeni sabuni kidogo sana. Povu jingi halisaidii hapa: pampu inanyonya hewa badala ya maji, na nguvu yote inapotea. Maji magumu yenye chokaa nayo huzuia sabuni kufanya kazi na kuacha utando mweupe, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zilizofanya mashine hizi zichelewe kuingia majumbani. Sababu nyingine ni kwamba nyumba nyingi za wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Hoteli na mikahawa ilikuwa nayo, na ndiyo iliyonunua. Hoteli ya Palmer House ya Chicago ilikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza, na katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893 mashine za Cochrane ziliosha vyombo vya mikahawa ya maonyesho hayo na kupata tuzo.

Funikeni pipa kwa vipande viwili vya plastiki ngumu vilivyokatwa kuuzunguka mhimili. Mtu mmoja azungushe pampu bila kusita, na mwingine azungushe gurudumu taratibu, mizunguko kama 15 kwa dakika, ili kila sahani ipite juu ya maji mara 15. Msizungushe kwa kasi zaidi, kwani sahani ikipita upesi mno maji hayapati muda wa kuibandua mafuta. Baada ya dakika tatu, yaacheni maji machafu yatoke kwenye koki, hamisheni mpira wa kunyonyea kwenye ndoo ya maji safi ya moto, na suuzeni kwa dakika moja. Hataza ya Cochrane ilipanga hivyohivyo: mashine iliweza kupeleka ama maji ya sabuni ama maji safi ya moto kwenye vyombo, bila mtu kuvigusa katikati ya kazi.

Fungueni kifuniko na mziache sahani zisimame palepale. Kwa kuwa zimepata joto, maji yatakauka yenyewe bila kitambaa. Zikikauka, zikagueni moja moja mwangani kabla ya kuzitoa kizimbani. Sahani hii ya tano, kama mnavyoona, ina mstari wa mafuta karibu na ukingo wa nje, na mstari huo umelingana na mahali waya wake ulipopinda kuelekea usoni. Sogezeni waya huo nje kwa milimita chache, ipakeni mafuta sahani hiyohiyo, na mrudie jaribio mpaka mstari uishe. Vizimba vyote vinane vikishatoa sahani safi, ndipo mnaweza kuvichomelea.