Kipele Chekundu: Kipindi Kuhusu Safari ya ThinkPad

MWAJUMA: Habari za wakati huu, wasikilizaji wetu. Leo tumepanga kuzungumzia hatua kuu katika historia ya ThinkPad, zile kompyuta mpakato za IBM ambazo sasa ni za Lenovo, tangu mwaka 1992 hadi sasa, na mwishoni mtani wangu Shija atatoa mafunzo manne kwa mnunuzi wa kompyuta za mtumba. Kabla ya hapo, hata hivyo, sina budi kuwasimulia yaliyotokea Jumanne, nilipompeleka mtoto wa dada yangu Kariakoo kununua kompyuta mpakato ya kwenda nayo chuoni.

SHIJA: Ulikwenda Kariakoo kununua ThinkPad bila kunipigia simu, mtani? Hiyo ni kesi ya kupelekwa kwa wazee.

MWAJUMA: Ningekupigia simu tungekaa dukani hadi magharibi, maana wasikilizaji wanajua kwamba wewe hununui kitu ambacho hujakifungua kwa bisibisi. Sasa sikiliza. Muuzaji alikuwa na ThinkPad mbili za toleo la T480 zilizofanana kwa kila kitu, isipokuwa kwamba moja ilikuwa na kile kipele chekundu katikati ya kibodi, na ya pili kipele chake kilikuwa kimeng'oka, kimebaki kijiti kitupu. Yenye kipele aliiuza kwa shilingi elfu thelathini zaidi.

SHIJA: Elfu thelathini kwa kifuniko cha mpira?

MWAJUMA: Ndiyo. Nikanunua isiyo nacho. Njiani kijana akaniuliza kipele kile ni cha nini hasa, nikamwambia kwamba yupo mtu ambaye amekuwa akilisubiri swali hilo kwa miaka mingi.

SHIJA: Basi kipele kimepata mkunaji. Kitaalamu kinaitwa TrackPoint, na aliyekibuni ni Ted Selker, mtafiti wa IBM, kampuni ya Marekani iliyoanzisha ThinkPad. Alisoma utafiti uliosema kwamba mtu anayechapa hutumia takriban robo tatu ya sekunde kuutoa mkono kwenye kibodi na kuupeleka kwenye kipanya, na muda kama huo kurudi. Akajiuliza kwa nini mkono uondoke kabisa. Ndipo kikawekwa kati ya herufi G, H na B, mahali ambapo kidole cha shahada hufika bila wewe kuangalia chini.

MWAJUMA: Lakini mimi nimekisukuma na hakisogei.

SHIJA: Hakikuundwa ili kisogee. Chini ya ule mpira kuna vihisio vinavyopima nguvu ya kidole chako na upande unaosukuma, kisha kishale cha kwenye kioo hukimbia kwa kadiri ya nguvu hiyo. Ndiyo maana wakati mwingine kishale huanza kutembea chenyewe. Ukibonyeza kwa muda mrefu, mtambo huihesabu nguvu ile kuwa ndiyo hali ya kawaida, na ukiachia, huona kana kwamba unasukuma upande wa pili. Dawa yake ni kuondoa kidole na kusubiri kidogo. Watu wengi mjini hapa wamelipishwa na mafundi kwa tatizo hilo, na wengine wameambiwa kwamba ni kirusi.

MWAJUMA: Sawa, nimeelewa. Sasa turudi kwenye ratiba. Oktoba 1992.

SHIJA: Oktoba 1992 IBM walitangaza ThinkPad 700C. Ilikuwa na kioo cha rangi cha inchi 10.4, jambo ambalo lilikuwa fahari kubwa kwa kompyuta ya kubeba, diski ya megabaiti 120, na bei ya dola 4,350 za Marekani. Uhandisi ulifanyika katika maabara ya Yamato nchini Japani chini ya Arimasa Naitoh, na umbo lilitoka kwa Richard Sapper, msanifu Mjerumani aliyeishi Milan, ambaye mwaka 1972 alikuwa amebuni taa ya mezani ya Tizio. Sapper alitaka kitu kinachofanana na bweta la chakula la Kijapani, ambalo kwa nje ni jeusi lisilo na pambo, nawe huwezi kujua lina nini hadi ulifungue.

MWAJUMA: Na ndani ya bweta, kipele.

SHIJA: Na ndani ya bweta, kipele chekundu, na huo wekundu wenyewe una kisa. Ndani ya IBM rangi nyekundu ilikuwa imetengwa kwa ajili ya swichi za dharura za kuzimia mitambo mikubwa, kwa hiyo wakaguzi wa usalama hawakutaka kuiona mahali pengine. David Hill, aliyeongoza usanifu wa ThinkPad kwa miaka mingi, amesimulia kwamba wasanifu waliiandika kwenye nyaraka kuwa ni majenta, wakaendelea hivyo hadi ikawa nyekundu kamili.

MWAJUMA: Yaani kipele kilipita forodhani kwa jina la bandia! Hilo ningelijua Jumanne ningemwambia muuzaji kwamba anauza magendo. Tuendelee na mwaka 1993, tafadhali.

SHIJA: Desemba 1993 ThinkPad 750C ilipaa angani ndani ya chombo cha Endeavour, katika safari ya kuikarabati darubini ya Hubble.

MWAJUMA: Na kipele?

SHIJA: Mtani, tuliahidiana kwamba tutakwenda kwa mpangilio.

MWAJUMA: Ninauliza kwa nia njema kabisa. Mahali ambapo kila kitu kinaelea, kipanya kinachotaka meza ya kuburuziwa kina faida gani? Kipele kimeshikamana na kibodi na hakihitaji meza.

SHIJA: Hoja yako ni ya kweli, na ninaichukia kwa sababu imetuchelewesha tena. Tufike mwaka 1995, kwenye 701C, ile iliyopewa jina la kipepeo. John Karidis wa IBM aligawa kibodi katika vipande viwili kwa mstari wa mshazari, na ulipofungua kifuniko, vipande vile viliteleza vikaungana, kibodi ikawa pana kuliko mwili wa kompyuta yenyewe. Ilipata nafasi katika mkusanyiko wa jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York. Haikudumu sokoni, kwa sababu vioo vikubwa zaidi vilikuja haraka, na kompyuta yenye kioo kikubwa tayari ina nafasi ya kibodi kamili bila kutumia mabawa.

MWAJUMA: Hapo ulipofika ndipo nilipokuwa nikikusubiri, lakini kwanza tupite mwaka 2005 kwa haraka.

SHIJA: Desemba 2004 IBM walitangaza kwamba wanaiuza idara yao ya kompyuta binafsi kwa Lenovo ya China, kwa thamani ya dola bilioni 1.75 ukijumlisha madeni yaliyochukuliwa, na biashara ikakamilika Mei 2005. Watu wengi huko duniani waliomboleza siku ile. Mimi sikuomboleza.

MWAJUMA: Wala hukuwa na sababu. Daladala ya Mbagala ikibadilisha mmiliki huku dereva na kondakta wakibaki walewale, abiria hashuki. Naitoh na maabara ya Yamato walihamia Lenovo, wakaendelea na kazi yao.

SHIJA: Katika hilo tuko pamoja. Msiba wangu mimi ni wa mwaka 2012. T420 na X220 za mwaka 2011 zilikuwa na kibodi ya safu saba za vitufe, yenye kitufe cha Enter cha rangi ya samawati, na vitufe vya kurukia kurasa vilivyokaa pamoja pale juu kulia ambapo mkono ulivizoea. Mwaka uliofuata zikaja T430 na X230 zenye safu sita na vitufe bapa vilivyoachana, sawa na za kampuni nyingine zote. Kwa maoni yangu, ukoo wa ThinkPad uliishia hapo, na yaliyofuata yamerithi jina tu.

MWAJUMA: Nami nasema huo si mwisho wa ukoo hata kidogo. Umesema mwenyewe dakika chache zilizopita kwamba kibodi ya kipepeo iliondoka kwa sababu vioo vilibadilika. Mwaka 2012 ni jambo lilelile. Vioo vilikuwa vimekuwa vipana na vifupi, mwili wa kompyuta ukapungua kimo, na safu moja ikakosa mahali pa kukaa. IBM walipofanya hivyo uliita uhandisi, na Lenovo walipofanya hivyo unaita msiba.

SHIJA: Hapana, mtani, kuna tofauti kubwa. Karidis alitaabika kuukunja mwili wa mashine ili kibodi ibaki kamili. Mwaka 2012 walipunguza kibodi ili mwili upendeze. Tena wala hoja ya nafasi haisimami, kwa sababu kibodi ya T420 huingia ndani ya T430. Wapo watu wanaokata vijino viwili vitatu, wakaziba baadhi ya miguso ya umeme, wakabadilisha programu ya kidhibiti, na safu saba zikakaa vizuri. Nafasi ilikuwepo, ila hawakuitaka.

MWAJUMA: Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mapenzi, si hoja ya historia. Mimi ninapima hatua kwa kile kilichomfikia mtumiaji. Mwaka 2013, katika X240 na T440s, walileta betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya nje, ukaweza kuitoa ile ya nje na kupachika nyingine huku kompyuta ikiwa inawaka na kazi yako ikiwa wazi. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayejua maana ya umeme kukatika katikati ya ripoti, niambie ni kitufe gani cha samawati kinacholingana na hilo. T480 ya mwaka 2018 ndiyo T ya mwisho ya inchi 14 yenye betri ya nje, na ndiyo maana niliinunua. Ukitaka kutaja mwisho wa kitu, taja T490 ya mwaka 2019, ambayo betri yote iko ndani na sehemu ya kumbukumbu imelehemiwa kwenye mazabodi.

SHIJA: Betri ni jambo zuri, silikatai. Lakini betri bora inaweza kuwekwa kwenye kompyuta yoyote, wakati kibodi ile ilikuwa ya ThinkPad peke yake. Na kama hawakujua walichokitupa, kwa nini mwaka 2017, walipoadhimisha miaka 25, walitoa toleo maalumu lenye safu saba na Enter ya samawati?

MWAJUMA: Walilitoa ndani ya mwili wa T470, kwa idadi ndogo, kwa ajili ya watu wa aina yako. Toleo la sherehe si ungamo.

SHIJA: Kwangu mimi ni ungamo lenye saini.

MWAJUMA: Basi nikuulize kwa lugha ya leo. Baada ya 2012 kipele kilibaki au hakikubaki?

SHIJA: Kilibaki, lakini mwaka 2013 walikinyang'anya vitufe vyake vitatu vya kubofya katika T440, wakaviunganisha na bamba la kugusa lililo chini yake. Mtu hakuweza tena kushikilia kitufe cha katikati na kusogeza ukurasa kwa kipele bila bamba zima kubonyea.

MWAJUMA: Na mwaka 2015, katika T450, vitufe vikarudi kwa sababu watumiaji walilalamika. Ukoo uliokufa hausikii malalamiko. Kanuni yangu ni nyepesi: penye kipele pana ThinkPad.

SHIJA: Nakushukuru kwa kuisema mbele ya wasikilizaji, kwa sababu Januari 2025 Lenovo walitangaza ThinkPad X9, na X9 haina kipele.

MWAJUMA: Haina kabisa?

SHIJA: Haina kipele, haina kijiti, haina hata alama ya mahali kilipokuwa. Kwa kanuni yako mwenyewe, X9 si ThinkPad, nawe umezika ukoo miaka 13 baada yangu. Tofauti yetu imebaki kuwa ya tarehe.

MWAJUMA: Tofauti yetu haijabaki kuwa ya tarehe. Tawi moja likikosa kipele, matoleo mengine, yaani zile T na X1 Carbon, bado yanacho, na ukoo una matawi mengi. Wewe ulizika shina kwa sababu ya safu moja ya vitufe.

SHIJA: Safu moja leo, kesho betri, keshokutwa kipele. Unaniambia nisubiri kibaki nini ndipo nilie?

MWAJUMA: Nakuambia usimzike mtu anayetembea. Hata hivyo nimeangalia saa, na hatujafika kwenye X1 Fold ya mwaka 2020, ile yenye kioo kinachokunjika, wala hatujagusa mafunzo yako manne.

SHIJA: Nilikuwa nimeyaandika vizuri kabisa. La kwanza lilihusu kukagua nenosiri la msimamizi kwenye BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, kabla ya kulipa, kwa sababu mashine nyingi zilizotoka maofisini Ulaya huja zikiwa zimefungwa, na...

MWAJUMA: Mtani, muda wa studio umekwisha, na wenzetu wa kipindi kinachofuata wamesimama mlangoni.

SHIJA: Nipe basi la nne tu, linalohusu kibodi.

MWAJUMA: Hilo hasa ndilo sikupi. Wasikilizaji, tuandikieni mtuambie ni T420 au T480, na atakayeandika T430 asome pia jina la Shija kwenye dua.

SHIJA: Atakayeandika T430 aseme kwanza ni kibodi gani aliyoiweka ndani yake.