Koili mpya ya jiko la umeme: pima omu kabla ya kufunga

Kamwene kwa Iringa na Njombe, ugonile kwa Mbeya, na wakubwa wote shikamooni. Baridi ya Juni na Julai ikishaingia, meza ya fundi inajaa majiko ya umeme, na mengi yana tatizo lilelile: koili, ule waya wa mizunguko unaotoa joto, imekatika. Kuibadilisha ni rahisi. Kinachosumbua ni kujua hiyo uliyonunua pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, ni ya wati ngapi kweli, maana karatasi imeandikwa 1000 lakini waya unaweza kusema vingine.

Kwanza chomoa plagi. Sijasema zima swichi, nimesema chomoa. Nyumba nyingine swichi ilifungwa kwenye nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwa hiyo ukiizima jiko linapoa lakini koili bado ina moto wa umeme.

Chukua multimita, ile mita ya kupimia umeme, weka kwenye omu, kipimo cha jinsi waya unavyokinza umeme, alama ya 200. Gusanisha ncha zake mbili. Unaona? Haileti sifuri, inaleta 0.4. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, utautoa kwenye kila kipimo. Kwa jiko hauna uzito.

Sasa koili yetu. Usiivute kuirefusha bado. Ncha moja huku, nyingine kule, kandamiza kidogo, subiri namba itulie. Hii inasoma 48. Na hii nyingine, muuzaji huyohuyo, karatasi ileile ya wati 1000, inasoma 57.

Tugeuze kuwa wati. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Zidisha 230 kwa 230, unapata 52,900, kisha gawanya kwa omu zako. Ya 48 inatoa wati 1,102. Ya 57 inatoa 928. Koili ya 1000 kamili ingesoma kama 53, ya 600 isome 88, ya 1500 isome 35, na ya 2000 isome 26 na nusu. Yaandike haya nyuma ya daftari.

Mbona zinatofautiana? Unene wa waya. Waya wa milimita 0.50 ukitoka kiwandani na 0.48, macho hayaoni kitu, ila ukinzani umeshapanda zaidi ya asilimia 8 kwa urefu uleule. Ongeza na mkono wa aliyekata, aliyezidisha au kupunguza mizunguko. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya kupasha joto vinaruhusu wati zizidi kwa asilimia 5 na zipungue kwa 10. Kwa jiko la 1000, hiyo ni kati ya omu 50 na 59. Kwa hiyo ile ya 57, ambayo wengi wangeirudisha dukani wakisema haina nguvu, ndiyo iliyo ndani ya kipimo. Mimi naifunga hiyo.

Jambo jingine kabla hujalaumu koili: pima volti za soketi jioni watu wanapopika. Zikishuka hadi 200, jiko la wati 1000 linabaki na 756 tu, na chai inachelewa. Usikimbilie koili ya omu chache kufidia, kwa sababu usiku wa manane volti zitarudi na koili itaungua.

Na hili la kukata waya ulioungua halafu kuunga kwa kusokota, jamani, tuliache. Ukiondoa sehemu moja ya tano, omu 53 zinakuwa 42, wati zinapanda hadi kama 1,250. Kila sentimita iliyobaki inabeba joto mara moja na nusu ya zamani. Ndiyo maana jiko lililoungwa huwa jekundu kupita kiasi, mwenyewe anafurahi, na wiki haijaisha limerudi.

Sasa vuta. Pitisha uzi kwenye mfereji wa kigae, kile kinachobeba koili, pima urefu wake, halafu nyoosha koili ifikie uzi ule kwa kushika ncha zote mbili polepole. Mizunguko iachane sawasawa. Ilipobanana ndipo itakapokatikia.

Ilaze kwenye mfereji, zungusha kila ncha kwenye skrubu yake kati ya washa mbili, zile pete za bati, kaza nati. Kiungo kilicholegea kinachemka chenyewe na kuyeyusha waya wa plagi.

Rudisha mita kwenye alama ya juu kabisa ya omu: ncha moja kwenye koili, nyingine kwenye bati la jiko. Isisome kitu. Ikisoma namba yoyote, waya unagusa bati, usichomeke. Na plagi iwe ya pini tatu yenye ethi, yaani waya wa ardhini, iliyofungwa kweli, hasa nyumba yenye sakafu ya saruji na watoto pekupeku.

Chomeka, washa bila sufuria dakika mbili tatu. Tazama wekundu. Ukiona kipande kimoja kinang'aa kuliko vingine, zima, chomoa, acha kipoe, kisha achanisha mizunguko pale. Ukienea sawa mfereji mzima, bandika birika. Wenye hotpleti za bati lililofunikwa, zenu hazifunguki hivi. Nazo mnaweza kuzipima kwenye skrubu za chini kwa hesabu ileile.