Soma Kwanza, Namba ya Siri Baadaye: Kulipa Mtandaoni kwa Makato Madogo Bila Kuibiwa

Habari zenu, ndugu watazamaji. Karibuni kibandani kwangu hapa Arua, Uganda. Mimi ni wakala wa pesa za simu, na hapa dirishani sipitishi wiki bila kumpokea mtu aliyekatwa pesa bure, au mtu ambaye pesa yake imekwenda kwa asiyemjua. Nikiwauliza ilikuwaje, jibu lao ni moja: "Sikusoma, nilibonyeza tu." Leo tutanunua kitu pamoja, mwanzo mpaka mwisho, na nitakawia sana kwenye skrini moja: ile inayotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Tunanunua mota ya cherehani ya dada yangu. Muuzaji yuko Kampala, tumemwona WhatsApp, bei ni shilingi 120,000.

Tuanze na pesa yenyewe iko wapi. Iko kwenye simu, na ibaki humo humo. Usije kwangu kutoa noti halafu uende kwa wakala mwingine umwekee muuzaji. Hilo nakuambia mimi ninayepata kamisheni ukitoa! Julai 2018 serikali iliweka kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, watu wakalalamika sana, na kabla mwaka haujaisha ikashushwa hadi nusu asilimia, ikabaki kwenye kutoa pesa tu. Nusu ya asilimia inasikika kama si kitu. Piga hesabu: ukitoa 300,000, kodi peke yake ni 1,500, na bado hujahesabu makato ya kutoa. Mfanyabiashara anayetoa kiasi hicho kila wiki, kwa mwezi kodi hiyo inamla 6,000. Hiyo ni daftari na kalamu za mtoto.

Sasa muulize muuzaji: "Una kodi ya biashara ya kulipia, au ni namba ya simu tu?" Ninaposema kodi hapa si ya serikali, ni ile namba fupi ya duka. Mara nyingi ukilipa kwa namba ya duka mteja hukatwi, na jina linalotokea ni la biashara. Ukimtumia mtu kwa namba yake ya kawaida unakatwa ya kutuma, na yeye naye atakatwa akitoa, ndiyo maana wengine wanakuambia "ongeza ya kutolea".

Kama hana namba ya duka, tuma mara moja. Makato yamepangwa kwa ngazi, kwa hiyo ukituma 40,000 mara tatu unakatwa mara tatu. Ila chungulia ngazi zenyewe kwanza, maana ukivuka ngazi hata kwa shilingi mia, makato yanaruka.

Kabla ya kulipa, namwomba muuzaji video fupi: mota ikizunguka, na pembeni karatasi yenye jina la dada yangu na tarehe ya leo, iliyoandikwa kwa mkono. Picha anaweza kuichukua popote. Video yenye jina lako na tarehe ya leo, mwongo atakuzungusha: mara chaji imeisha, mara mzigo uko stoo. Aliye Kampala aombe kulipa akipokea, boda amletee, akague, ndipo alipe. Sisi wa mbali mzigo unakuja kwa basi, na muuzaji wetu ana namba ya duka, kwa hiyo mimi napatana naye: nusu sasa, nusu atakaponitumia picha ya risiti ya kampuni ya basi.

Haya, sogeeni. Naleta simu karibu na kamera. Wa MTN wanapiga *165#, wa Airtel *185#, hata kwenye katochi, ile simu ndogo ya vitufe, inafanya kazi bila intaneti. Nachagua kulipa, naweka namba ya duka, naweka 60,000. Simama hapo. Msiguse kitu.

Mnaona? Mstari wa juu ni jina. Je, ni lile aliloniambia? Kama aliniambia duka, hapa pakatokea jina la mtu mwingine, naghairi na kumpigia. Mstari wa pili ni kiasi. Hesabu sifuri kwa kidole, kweli kabisa, kwa kidole, kwa sababu 60,000 na 600,000 zinafanana kwa mtu mwenye haraka. Chini kuna makato, yakiwapo. Soma yote kwa sauti. Ndipo uweke namba ya siri.

Skrini hii hii ndiyo wezi wanaitumia. Mama yangu mkubwa aliuza karanga zake, pesa ikaingia kwenye simu. Akapigiwa na mtu mwenye sauti ya adabu: "Mama, kuna pesa yako imekwama, nitakuletea kisanduku, weka namba ya siri uipokee." Kisanduku kikaja kweli kwenye skrini. Hakuwa na miwani. Kiliandikwa kwamba anakubali kulipa 180,000. Alinipigia baada ya saa mbili, na pesa ilikuwa imeshatolewa. Mpaka leo nikikumbuka alivyokaa kwenye mkeka ameishika ile simu, roho inaniuma. Lishikeni hili, na muwaambie wazee nyumbani: kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Kamwe. Kisanduku kikitokea nawe hujaanza kununua chochote, bonyeza kughairi.

Na yule anayesema "nimekutumia kwa makosa, nirudishie"? Usitazame ujumbe, tazama salio. Hata kama pesa imeingia kweli, usimtumie wewe. Mwambie apige kwa mtandao wake waombe irudishwe.

Jambo la VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya watu wengine. Tangu Januari 2021 Facebook imefungwa hapa kwetu, na wengi mnaifungua kwa VPN za bure. Tazameni bidhaa, sawa, lakini wakati wa kulipa izimeni. Hujui njia hiyo ni ya nani.

Wanaolipa kwa kadi kwenye tovuti za nje: ukiulizwa ulipe kwa shilingi au kwa dola ya muuzaji, chagua dola, kwa kawaida kiwango cha benki yako ni nafuu kuliko cha tovuti. Usikubali tovuti ihifadhi kadi yako. Na pesa ya akiba isikae kwenye laini au kadi unayonunulia. Mimi nina laini ya pili, imesajiliwa kwa kitambulisho changu, naihamishia kiasi cha manunuzi tu.

Ukikosea au ukiibiwa, usianze kulia wala kumtukana mwizi. Piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, taja nambari ya muamala, omba pesa izuiwe kabla haijatolewa. Polisi utakwenda baadaye, ukiwa na ujumbe wenyewe, kwa hiyo usiufute. Na simu ikipoteza mtandao ghafla wakati wenzako wote wanao, azima simu upige: huenda kuna mtu amebadilisha laini yako.

Tazameni, ujumbe wa malipo umeingia: 60,000, jina la duka, nambari ya muamala. Naupiga picha ya skrini na kumtumia muuzaji. Mota ikifika kwa basi, nitaifungua mbele yenu hapa hapa kibandani.