Lubaina Himid kabla ya tuzo

Assalaam aleykum, na habari za jioni. Walimu wangu, wageni wetu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mchomoke mapema: nitajitahidi msichomoke.

Nimeombwa nizungumzie tuzo za sanaa. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nitamzungumzia mtu mmoja tu, tena zaidi kwa yale aliyoyafanya kabla hajapewa kitu. Mtu huyo ni Lubaina Himid. Alizaliwa hapa Unguja mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria yeye akiwa na miezi minne, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akarudi naye kwao. Kwa hiyo amekulia Uingereza, na kazi yake yote kaifanyia huko. Naomba tusimgeuze mtoto wa Darajani. Sisi ni hodari wa kukumbuka undugu mtu akishatoka gazetini.

Desemba 2017, mjini Hull, Himid alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, yenye pauni 25,000. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na kwa umri wake wa miaka 63 aliwapita washindi wote waliomtangulia. Lakini sikilizeni hili. Tangu 1991 tuzo ile ilikuwa na kikomo cha umri: aliyefika miaka 50 haingii. Kikomo kikaondolewa 2017, mwaka huohuo alioshinda. Yaani angekufa kazini 2016, jina lake lisingekaribia hata meza ya majaji. Waliobadilika ni wenye tuzo. Yeye alikuwa palepale, mjini Preston, akifundisha chuo kikuu na kuchora. Kijana akinijia na swali la “nifanyeje nishinde?”, huwa namsimulia habari ya kikomo hiki, na mara nyingi anaondoka amenuna.

Basi, miaka yote ile alikuwa akifanya nini?

Alisomea ubunifu wa jukwaa la tamthilia, chuo cha sanaa cha Wimbledon, London. Hilo usilisahau unapotazama kazi zake, maana anapanga watu na vitu kama mtu anayejua mtazamaji ataingilia wapi na atageukia wapi. Alipomaliza akakuta wanawake weusi wanaochora na kuchonga wapo, wengi tu, ila kumbi haziwataki. Akaanza kuandaa maonyesho. Mwaka 1983, Africa Centre ya London, akawakusanya watano, yeye akiwemo. Mwaka 1985 akaandaa mengine, The Thin Black Line, katika ICA, taasisi ya sanaa za kisasa ya London, na humo waliingia wasanii 11. Msidhani walipewa ukumbi mkubwa. Walipewa ujia, njia ya kupita watu.

Sasa fuateni majina. Sonia Boyce alikuwemo: mwaka 2022 aliiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, na banda lake likapata Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu ya maonyesho hayo. Veronica Ryan alikuwemo: mwaka huohuo wa 2022 akashinda Turner akiwa na miaka 66, akaivunja rekodi ya umri ya Himid mwenyewe. Ingrid Pollard alikuwemo, naye akateuliwa Turner 2022. Claudette Johnson alikuwemo, akateuliwa 2024. Hesabuni kutoka 1985. Karibu miaka 40 watu wanapita kwenye ujia ule, na waliokuwa ukutani ndio hao.

Ndiyo maana nasema Himid anafaa kutazamwa kwanza kama mwandaaji, kisha mchoraji. Najua baadhi ya wenzangu hawapendi nikisema hivyo, wanaona namshusha. Lakini hapa kwetu Afrika Mashariki tumeona kinachotokea pale ukumbi unapokuwa mikononi mwa mtu asiyewajali wasanii. Banda la Kenya, Venice, mwaka 2013 lilijaa wasanii wa China na Italia, Wakenya wakawa wa kuhesabika. Mwaka 2015 ikaelekea kuwa hivyohivyo, mpaka wasanii wa Nairobi wakapiga kelele na serikali ikajiondoa. Wachoraji Kenya inao, hilo halina ubishi. Shida ilikuwa nani anaamua kitundikwe nini.

Tuje kwenye kazi zenyewe. Nitachukua mbili.

Ya kwanza ni Naming the Money, ya mwaka 2004. Ni watu 100 wa ukubwa wa binadamu, wamekatwa kwenye mbao nyembamba na kupakwa rangi kali, wamesimama sakafuni wenyewe bila kuegemea ukuta. Huwatazami kwa mbali. Unapita katikati yao, bega kwa bega. Ni Waafrika waliokuwa watumwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya, waliopelekwa kama zawadi kutoka kwa mfalme mmoja hadi mwingine. Wapo wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachora ramani, waganga wa mitishamba, hata wafunza mbwa. Ukizunguka nyuma ya kila mmoja unakuta karatasi ya hesabu, ile ya kuandikia mali iliyoingia na iliyotoka. Juu yake kuna mistari mitano. Jina langu ni fulani. Wao wananiita fulani. Kazi niliyokuwa nikifanya kwetu. Kazi ninayofanyishwa sasa. Na mwisho, kitu kidogo nilichobaki nacho. Humohumo ukumbini sauti inayasoma maneno hayo, kwa hiyo hata asiyezunguka nyuma yatamfikia. Mtu anayetoka mji wenye Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa 1873, hahitaji kuelezwa daftari la aina hiyo ni la nini.

Ya pili ni vyombo vya mezani. Mwaka 2007 Waingereza walikuwa wakiadhimisha miaka 200 ya sheria iliyopiga marufuku biashara ya watumwa. Lancaster, mji wa Uingereza ulio mdogo tu leo, ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa za biashara hiyo. Himid akaufanyia kazi mji huo: akanunua sahani, mabakuli ya supu na majagi kwenye maduka ya mitumba, vipande 100, akachora juu yake. Kwenye baadhi kuna watumishi weusi, nyuso zimetulia, wamevaa vizuri. Kwenye vingine kuna matajiri wanatapika baada ya kusikia biashara imekatazwa. Maua ya kiwandani yaliyokuwepo hakuyafuta yote, yanachungulia pembeni. Hapo ndipo kazi ilipo kwa maoni yangu. Angetumia sahani mpya nyeupe, ingekuwa katuni tu.

Kanga nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo zinazoleta ugomvi. Himid ametengeneza mfululizo wa kazi zenye mpangilio wa kanga kamili: pindo, mji, na maandishi chini. Moja ya mwaka 2018 inauliza neno “mabadiliko” linaandikwaje. Maandishi ni ya Kiingereza, zinatundikwa kama bendera, na hakuna wa kuzikata doti akajifunga. Wapo wanaosema kwa hiyo si kanga. Mimi nakubali nusu. Kanga ya hapa humsema mtu, naye akipita anajua kasemwa. Ya Himid inausema umma uliolipa kiingilio, na umma haujui nani hasa kalengwa. Ni kanga iliyopoteza jirani. Kama hilo ni udhaifu wake au ndiyo maudhui yake, mtanijibu wenyewe.

Uingereza imemteua kuiwakilisha Venice mwaka 2026. Sasa zimeni taa hizo za mbele, nina picha. Na mwenye swali kuhusu bei ya kazi zake, nitamchukua wa mwisho.