Nyuki wa kunakili ubaoni, mpaka lini?

Jamani walimu wenzangu, mnaonijua mshaanza kucheka. Ndio, ni yale yale ya nyuki, na nitayasema mpaka mchoke.

Chukua daftari za darasa la tatu, fungua insha ya nyuki. "Nyuki ni mdudu. Nyuki hutupa asali. Nyuki ana faida nyingi." Daftari ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo, mpaka kosa la herufi ni lile lile moja maana limetoka ubaoni kwa mwalimu! Na hapa ni Tabora jamani, asali inauzwa barabarani, babu wa mtoto ana mizinga ya magome porini, halafu mjukuu anaandika kama hajawahi kumuona nyuki.

Mimi nawapeleka kwenye boga. Tafuta boga lililotambaa nyuma ya darasa, nenda asubuhi na mapema, ukisubiri kipindi cha mchana utakuta maua yameshajifunga. Waonyeshe, ua dume liko kwenye kikonyo chembamba tu, ua jike lina kiboga kidoogo chini yake. Jioni chagua maua jike mawili ambayo yatafunguka kesho, moja lifunge ncha kwa uzi nyuki asipate pa kuingia, lingine liache. Halafu kila siku mtoto anaandika sentensi mbili za alichokiona, basi. Lile la uzi, siku kadhaa tu kiboga kinageuka njano, kinanyauka, kinadondoka, na lile lingine nyuki wakilitembelea vizuri linaanza kunenepa. Neno uchavushaji, yaani nyuki kubeba unga wa ua dume kuupeleka ua jike, hujalitaja hata mara moja, wao wameshaliandika kwa penseli zao. Kuna mtoto aliniandikia "nyuki ametoka kwenye ua amevaa soksi za njano". Ile ni chavua, ule unga wa maua, amebeba kwenye miguu ya nyuma! Sasa wewe chukua wino mwekundu umwandikie "nyuki havai soksi", tutagombana.

Najua, kuna mtu pale nyuma anasema wataumwa. Nyuki aliye kwenye ua yuko kazini, hana habari na wewe usipomshika wala kumkanyaga, wakali ni wale wanaolinda mzinga, na mimi sijasema muende mzingani. Ila ulizeni wazazi kwanza, mtoto ambaye akiumwa anavimba uso au anashindwa kupumua huyo msimsogeze, tena hapo sitaki ubishi. Mwingine ataniuliza hiki ni kipindi cha Sayansi au Kiswahili. Vyote! Mtoto anajua leo ni kipindi gani? Anajua kaona boga limedondoka.

Naona naonyeshwa saa, haya nakimbia. Zoezi la watoto kumwandikia barua malkia wa nyuki, zuri sana, ila waambieni malkia haamrishi mtu, kazi yake kutaga, siku nzuri anapita mayai 1,000. Nyuki vibarua wote ni majike, nyuki dume hana hata mwiba. Ile ngoma nyuki wanayocheza kuelekezana maua yaliko, mwanasayansi Karl von Frisch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kuielewa, watoto waicheze kwanza ndio waandike. Na msisubiri tarehe 20 Mei eti ndio Siku ya Nyuki Duniani, boga halisubiri sherehe.

La shule kufuga nyuki kwenye mizinga yake tuliache, haliishi kwa dakika mbili. Daftari za mfano ziko meza ya nyuma, someni, ila msiondoke nazo, mwaka jana ziliondoka.