SAR ya Babu: Kuitafutia Bunduki Historia Yake

NEEMA: Mbukwenyi wasikilizaji! Tupo Dodoma, upepo leo unagonga madirisha, mtuwie radhi. Kaka Lazaro, umekuja na picha.

LAZARO: Ya marehemu babu mzaa mama, dada. Ametoka vita vya Kagera, 1979. Nyuma mtu kaandika kwa kalamu: "Babu na AK." Tumekua tukiamini hivyo.

NEEMA: Kumbe siyo?

LAZARO: Siyo. Tazama chini ya mtutu, singe, ile silaha ya kuchomea iliyofungwa kwenye mtutu, imekunjwa, imelala kwenye mbao. Na magazini haijachomoza kama ile ndizi ya AK. Imejificha tumboni, inabeba risasi 10. Babu mwenyewe akiiita SAR, kifupi cha Kiingereza, semi-automatic rifle.

NEEMA: Hizi SAR tunazosikia polisi wametangaza kukamata?

LAZARO: Jina ndilo hilo, nami lilinipoteza wiki mbili. Ukilitafuta unaletewa bunduki chungu nzima, kwa kuwa linataja aina tu: inajipakia yenyewe, ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja. Jina la kuzaliwa la hii ni SKS. Iliundwa na Sergei Simonov, Mrusi, 1945, na Jeshi la Kisovieti likaipokea 1949.

NEEMA: Ila silaha nyingi za jeshi letu miaka ile zilitoka China.

LAZARO: Hapo ndipo penye mtego. Wachina waliiita Type 56. Lakini AK waliyoiga wakaiita Type 56, na RPD, bombomu la Kisovieti waliloiga, nalo Type 56! Zote tatu zinatumia risasi ileile, milimita 7.62 kwa 39. Ukikuta karatasi imeandika "Type 56" basi, usiandike SKS mpaka uone neno karabini, yaani bunduki fupi, ndiyo jina la SKS kwa Wachina.

NEEMA: Mimi nafundisha historia, na hili linaniuma: mwanafunzi ananiletea kurasa kumi za intaneti, anasema mashahidi kumi. Ukizisoma, hata kosa la tahajia ni lilelile. Huyo ni shahidi mmoja aliyenakiliwa!

LAZARO: Kweli kabisa. Ndiyo maana naanza na chuma. Kila kiwanda kiligonga alama yake: ya Tula, Urusi, ina nyota yenye mshale ndani, ya Izhevsk, Urusi pia, pembetatu yenye mshale, na kiwanda kimoja cha China kiligonga namba 26 ndani ya pembetatu. Ila bunduki ikipita karakana hubadilishwa vipande, kwa hiyo alama inakueleza kipande kilipogongwa.

NEEMA: Na wazee?

LAZARO: Mzee aliyeibeba namwamini kwa alichoshika: uzito wake, alivyosukuma risasi 10 toka juu kwa kidole gumba. Ilitengenezwa mwaka gani, hilo nalitafuta kwenye nyaraka.

NEEMA: Hebu nipe lenzi. Singe hii... siyo bapa. Ni kama mwiba.

LAZARO: Umeona! Wachina walianza na bapa, wakahamia mwiba katikati ya miaka ya 1960.

NEEMA: Basi ni ya Kichina, tumemaliza.

LAZARO: Bado, dada. Zile za kwanza za Tula, 1949, nazo zilikuwa na mwiba. Mjomba yuko Mpwapwa, ana picha hiyohiyo, kubwa zaidi. Jumamosi napanda basi. Nikiiona nyota au pembetatu, nakupigia palepale.