Nyanya Amefika Bila Taarifa: Usiku wa Kwanza wa BFI Flare 2025

Hamjambo wapendwa, karibuni tena jikoni kwangu. Sauti imekwaruza kidogo, mnisamehe, jana nimefika kitandani saa nane za usiku na leo asubuhi nilikuwa zamu. Lakini nilisema sitalala tena kabla sijawasimulia, maana hili la jana bado la moto.

Jana Jumatano, tarehe 19 Machi, tamasha la filamu la BFI Flare limerudi hapa London. Ni mara ya 39. Litakwenda hadi tarehe 30, na kila siku kuna filamu kuanzia mchana mpaka usiku: ndefu, fupi, za kubuni, za maisha halisi, na za zamani zilizotolewa kwenye maghala zikasafishwa. Zote zinahusu watu wa LGBTQ, mashoga, wasagaji, waliobadili jinsia. Mimi nitasema kuchu, kwa sababu ndilo neno walilojichagulia wenyewe, kuanzia kwa ndugu zetu wa Uganda. Hayo mengine yana uzito wake. Kwetu Mombasa, mamangu ana mashoga zake, yaani marafiki zake wa kike, tangu skuli, wanaitana hivyo mpaka leo kwenye harusi na matangani. Neno hilohilo akirushiwa mtoto wa kiume barabarani, linakuwa jiwe.

Niwapeleke pale kwanza. Ukishuka stesheni ya Waterloo ukateremka kuelekea mto, utakuta daraja, na chini ya daraja kuna wauza vitabu vya mitumba wamepanga meza ndefu. Nyuma yao ndipo ilipo BFI Southbank, nyumba ya sinema ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Ukumbi mkubwa una viti 450. Jana sikuona kiti kitupu. Nje upepo wa mto unakata masikio, ndani watu wamependeza kama wamekwenda harusini. Kina mama wa miaka sabini wameshikana mikono, vijana wenye nywele za rangi ya embe bivu, na nyuma yangu Wakongo watatu wanabishana kwa Kiswahili cha Lubumbashi nani ameshika tiketi.

Filamu wamezigawa mafungu matatu: Mioyo, Miili na Fikra. Moyo ni mapenzi na urafiki, mwili ni ngono na utambulisho, fikra ni siasa, sanaa na jamii. Mimi ni mtu wa Mioyo, mnanijua. Ya kufunga tamasha inatoka Brazili, inaitwa Night Stage, ya mwigizaji wa jukwaani na mwanasiasa wanaopendana kwa siri, nayo ni ya kukaa roho juu. Sitaiwahi, nina zamu.

Ya kufungua ndiyo ninayotaka tukae nayo. The Wedding Banquet, ya Andrew Ahn. Ang Lee aliitengeneza ya kwanza mwaka 1993, ikapata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, na hii ni mpya iliyojengwa juu ya ile. Sikilizeni kisa. Kuna Min, kijana wa Korea, msanii, anaishi Seattle na kwao wana kampuni kubwa. Viza yake inaisha. Anampenda Chris, lakini Chris anaogopa ndoa. Wana marafiki wawili wanawake, Lee na Angela, wanaotafuta mtoto kwa kupandikiza mimba, na pesa zimewaishia. Min anapata wazo: nimuoe Angela nipate makaratasi, na mimi nitawalipia matibabu. Kila mtu apate haja yake.

Halafu nyanya yake anapanda ndege kutoka Korea. Bila taarifa. Anakuja kusimamia harusi, na anataka harusi ya kimila kamili.

Nani kati yenu hajui kisa hiki? Mtoto yuko ughaibuni, makaratasi yanasumbua, na mzee amesema anakuja! Ukitoa Seattle ukaweka Barking hapa London, ukitoa Korea ukaweka Kilifi, hakuna utakachobadilisha zaidi ya chakula. Nyanya ameigizwa na Youn Yuh-jung, yule mama aliyepata Oscar mwaka 2021 kwa filamu ya Minari. Hahitaji maneno mengi. Anaangalia tu, na unajua ameshaona.

Sasa, kuna mahali wanapata habari kwamba nyanya yuko njiani, wanaanza kusafisha nyumba. Si kufagia. Wanatoa vitabu kwenye rafu, wanatoa sidii za filamu, picha, kila kitakachomwambia mzee kwamba hapa wanaishi wanawake wapenzi. Ukumbi mzima ulicheka. Na inachekesha kweli, wanakimbizana kama kuku. Lakini rafiki yangu niliyekaa naye hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono, akanibana, na hakuniachia mpaka kile kipande kikapita.

Ameniruhusu kuwasimulia, mradi nisimtaje jina. Ni kijana wa Tanga. Anaishi na mwenziwe kusini mwa London, mwaka wa sita sasa. Mwaka juzi mama yake mdogo alikuja kumtembelea, yule aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki. Alitupigia akiwa ameshapata viza, tikiti imekatwa, bado siku nne. Siku nne hizo mimi nilikuwa pale. Tulitoa picha ukutani, tisa, nilizihesabu kwa sababu ni mimi niliyezifunga kwenye shuka. Tukatoa mswaki wa pili, viatu vya pili, kikombe chenye jina. Mwenziwe akahamia kwangu na begi moja, akalala kwenye kochi langu wiki tatu, na kila jioni alikuwa akiniuliza, "Mama amekula nini leo?" Yeye ndiye mpishi wa nyumba ile, jamani. Alikuwa na wasiwasi mama hali vizuri.

Tulisahau kitu kimoja. Ukuta ule ulikuwa haujapakwa rangi siku nyingi, na pale picha zilipokuwa, rangi ilibaki nyeupe. Miraba tisa, na misumari yake.

Siku ya tatu rafiki yangu akatoka kuoga, akamkuta mama mdogo amesimama pale na kanga yake mabegani, anapitisha kidole juu ya msumari.

"Hapa palikuwa na picha."

"Ndiyo, mama."

"Za nani?"

"Zangu na rafiki yangu."

Akasema, "Haya." Akaenda kuteleka chai. Halikuzungumzwa tena wiki tatu zote. Siku ya kuondoka akafungua begi lake pale uwanja wa ndege, akatoa vikoi viwili vipya, bado na karatasi za duka. "Hiki chako. Hiki mpelekee rafiki yako, mwambie nimeshukuru kwa nyumba."

Naomba nisimame kidogo.

Haya. Nimesema rafiki. Wanuri Kahiu, mwongozaji filamu wa Kenya, alipoitwa kueleza kwa nini filamu yake inaitwa Rafiki, alisema ni kwa sababu kwetu watu wa jinsia moja wanaopendana wakitambulishana mbele za watu, neno wanalotumia ni hilo. Huyu ni rafiki yangu. Kila anayezungumza Kiswahili ameshalisikia likisemwa hivyo, na ameshajibu "haya" bila kuuliza zaidi.

Filamu yenyewe mnaikumbuka. Kena na Ziki, mabinti wawili wa Nairobi, baba zao wanagombea kiti kimoja cha udiwani. Imetokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyopata tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007. Mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, na kabla haijafika huko, mwezi wa Aprili, bodi ya filamu nyumbani ikaipiga marufuku. Walitaka mwisho ubadilishwe, kwa sababu mwisho wake una matumaini. Fikirini hilo. Wale mabinti wangeumia mpaka mwisho, huenda ingepita.

Septemba ile Jaji Wilfrida Okwany akaifungulia kwa siku 7, kwa watu wazima tu, ili itimize sharti la kuweza kupendekezwa kwa Oscar. Binamu yangu alipanga foleni sinema ya Prestige, barabara ya Ngong, Nairobi. Alinirekodia sauti akiwa bado kwenye foleni, sekunde arobaini hivi, hasemi chochote, ananisikilizisha watu tu. Kelele za furaha, mtu anaita "tiketi zimeisha!", wengine wanaimba. Ninayo mpaka leo kwenye simu. Mwishowe kamati ikapeleka Supa Modo, filamu nyingine ya Kenya, badala yake, nayo ni nzuri sana, itafuteni. Lakini zile siku 7 zilikuwepo.

Mimi Rafiki niliiona hapa London mwaka 2019, kwenye ukumbi, na nilijifunza kitu ambacho simu haiwezi kukufunza. Wazungu walikuwa wanacheka baada ya kusoma maandishi chini ya skrini. Sisi tunaojua Kiswahili na Sheng tulicheka kabla. Nikaanza kusikia kicheko chetu kinatoka wapi: mmoja kushoto kule, wawili nyuma, mama mmoja karibu kabisa na mlango. Taa zilipowashwa tulitafutana. Tulikuwa kumi na moja. Wanne kati yao bado tunapigiana simu. Ndiyo maana sichoki kuwaambia, sinema ni kitu cha kutazama na watu.

Na kwetu watu wamejaribu, msidhani hawajajaribu. Nairobi, Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Wajerumani, ilianza mwaka 2011 kuwa mwenyeji wa Out Film Festival, tamasha la filamu za kuchu. Kampala walianzisha la kwao mwaka 2016, na la pili mwaka 2017 polisi wakalivamia watu wakiwa ndani. Mwaka 2014 vijana wa The NEST, kundi la wasanii wa Nairobi, walitengeneza Stories of Our Lives, hadithi tano za rangi nyeusi na nyeupe, zilizotokana na masimulizi waliyokusanya kwa Wakenya wenyewe. Ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto kwanza bila majina ya walioitengeneza, halafu wakaamua kujitaja. Nyumbani ikapigwa marufuku, mmoja wao akakamatwa. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya majaji wa Teddy, zile tuzo za filamu za kuchu kule Berlin. Tuzo ya Berlin, na mama zao hawaruhusiwi kuiona.

Sababu waliyopewa hao, na waliyopewa wa Rafiki, ni moja. Kwamba filamu "inahamasisha." Sasa nisikilizeni, kwa sababu najua kuna mjomba mahali ameshaanza kuandika kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Tamasha hili la Flare lilianza mwaka 1986. Mwaka 1988 serikali ya Uingereza ikapitisha kifungu cha 28, kinachokataza mamlaka za mitaa "kuhamasisha" mapenzi ya jinsia moja. Walimu wakaogopa kusema, maktaba zikaogopa kuweka vitabu. Neno lilelile, hapahapa London! Kikakaa mpaka 2003 ndipo kikafutwa Uingereza, na miaka yote hiyo tamasha liliendelea kurudi pale chini ya daraja. Na ile sheria yetu ya Kenya inayoharamisha mapenzi ya jinsia moja, kifungu cha 162, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, tuliachiwa na mkoloni. Wenyewe walianza kulegeza ya kwao mwaka 1967. Kwa hiyo mjomba, kama tunatafuta kilicholetwa na meli, tuanze na hicho kifungu.

Tena sisemi kila mtu apende. Mamangu hapendi, na nampenda mamangu. Nasema miraba tisa ukutani si malezi. Hakuna mzazi aliyelea mtoto ili aje akute misumari mitupu.

Kwa ninyi mlioko nyumbani: British Council na BFI kila mwaka wanaweka filamu fupi tano mtandaoni, bure, nchi zote, tamasha likiwa linaendelea. Inaitwa Five Films for Freedom, wameifanya tangu 2015. Za mwaka huu, 2025, ziko kwenye chaneli ya YouTube ya British Council hadi tarehe 30 Machi. Ni fupi, bando haitaumia. Lakini nawaomba kwa moyo wote, hasa mlioko Uganda, na sheria ile ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja mnaijua makali yake: tazameni mahali mlipo salama, vaeni visikilizio, futeni historia ya simu. Msiniandikie majina yenu wala ya wenzenu hapa chini. Mkitaka kusema kitu, niandikieni "haya" tu. Nitaelewa.

Jumamosi narudi tena Southbank, filamu fupi fupi, mkusanyiko wa saa moja na nusu hivi. Nina tiketi tatu: yangu, ya rafiki yangu, na ya mwenziwe. Mwenziwe amesema atapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tule kwao kwanza, halafu tushuke na basi. Picha zimerudi ukutani zote tisa. Hawajapaka rangi bado, kwa hiyo ilibidi kila moja irudi mahali pake palepale.

Nikitoka nitawarekodia pale mtoni, upepo ukiniruhusu.